Sosholojia Haimdai Mtu

Hesabu yenyewe ni fupi, ndiyo maana imeenea. Mtoto amepata C+ au B katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ameitwa chuo kikuu kusomea sosholojia, sayansi ya siasa, anthropolojia au maendeleo ya jamii. Jumlisha mkopo atakaoubeba kwa miaka minne, uweke upande huu. Upande wa pili weka mshahara wa waliomtangulia katika kozi hiyo hiyo. Mshahara ukipwaya, mwambie aachane na upuuzi, akasomee kitu chenye soko. Kwa wapigao hesabu hii mambo yamekwisha, kilichobaki ni kumhurumia mzazi.

Utaisikia Buxton, hapa Mombasa, kwa vijana wanaopiga soga wakingoja magari ya Nyali na Bamburi. Utaisikia kwa wajomba wenye digrii zao kwenye fremu ukutani, kwa maafisa wa elimu, kwa wanasiasa, na siku hizi hata kwa wanafunzi wenyewe, ambao hutaja kozi yao kwa sauti ya kuomba radhi. Imekuwa hekima ya mji. Na kama hekima nyingi za mji, inasemwa sana kuliko inavyopigwa kwa kalamu.

Wenye rai hii wana hoja zao, nami sitaki kuwawekea mdomoni hoja dhaifu kuliko walizo nazo. Wanasema fedha za HELB, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ni mfuko unaozunguka: anachorudisha wa jana ndicho anachokopeshwa wa kesho, kwa hiyo anayesomea kozi isiyolipa kisha akashindwa kurejesha, amemnyima mdogo wake. Wanasema mitaa imejaa wahitimu wenye bahasha za kaki, ilhali fundi wa friji hapati hata nafasi ya kukaa. Na wanasema jambo moja zito kuliko hayo yote: mtoto wa tajiri anaweza kusomea anachokipenda, kwa sababu akikwama atakabidhiwa duka la babake, mtoto wa mpangaji hana wa kumuegemea, basi hana haki ya kubahatisha. Ni kweli pia kwamba mshahara wa kwanza wa mwenye digrii ya sayansi za jamii, akiupata, kwa kawaida ni mdogo. Yote hayo na yasimame. Hesabu iliyojengwa juu yake ndiyo iliyopinda, na imepinda mahali pengi. Nitaanzia pale ambapo kikokotoo cha simu pekee kinatosha kuiumbua.

1. Deni la ugali limeandikwa jina la sosholojia

Tuchukue mfumo wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023, ule ulioshtakiwa hadi Mahakama Kuu ikautangaza kuwa kinyume cha Katiba mnamo Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo mwaka 2025. Humo wanafunzi hupangwa katika makundi matano kwa kipato cha nyumbani. Kundi la kwanza ni la familia zisizopata zaidi ya shilingi 5,995 kwa mwezi. Asilimia 70 ya gharama ya kozi ni ufadhili usiorudishwa, asilimia 25 ni mkopo, na asilimia 5 ni ya mzazi. Juu yake kuna mkopo wa kujikimu, shilingi 60,000 kwa mwaka.

Tuseme kozi ya sayansi za jamii inagharimu 150,000 kwa mwaka. Mkopo wa karo ni 37,500. Ukiongeza ule wa kujikimu inakuwa 97,500. Baada ya miaka minne mtoto huyu anadaiwa 390,000 kabla ya riba, na katika hizo, 240,000 hazikununua hata mhadhara mmoja. Zimenunua unga, kodi ya chumba, nauli na bando. Mwanafunzi wa uhandisi wa kundi hilo hilo naye amekula 60,000 zile zile kila mwaka, tena kwa miaka mitano. Lakini hujamsikia mtu akisema uhandisi una deni la chakula. Bili ya mama wa kibandani inabebeshwa sosholojia peke yake.

Mkopo hasa wa kusomea sosholojia, ukiuondoa wa tumbo, ni 150,000 kwa miaka yote minne. Wa udaktari, tukikadiria kozi kuwa 600,000 kwa mwaka kwa miaka sita, ni 900,000. Ongeza chakula, jumla 1,260,000. Kozi inayonyooshewa kidole kwamba inawatwika watoto madeni ndiyo mojawapo ya nyepesi kabisa kwenye orodha. Mtanijibu kwamba daktari analipwa. Haya, twende sokoni.

2. Soko hili ni lipi?

Mombasa ingekuwa mji wa mwisho kudanganywa na neno soko. Kwa miaka mingi ushauri wa busara kisiwani ulikuwa mmoja: kasome kliaringi, bandari haihami. Wala haukuwa ushauri mbaya. Watu walisomesha watoto, wakajenga, wakaoa kwa kazi ya kutoa mizigo forodhani.

Tarehe 31 Mei 2017 treni ya SGR, ya Mombasa hadi Nairobi, ikazinduliwa. Makontena yakaanza kupakiwa kwenye mabehewa na kwenda kufunguliwa Nairobi. Agosti 2019 likaja agizo kwamba mizigo yote ya bara ipande reli, hakuna cha lori wala ghala la Mombasa. Mawakala wa forodha, madereva wa malori, makuli wa maghala, wauza chai wa Changamwe na Miritini, wote wakajikuta pembeni. Watu wakaandamana barabarani kila Jumatatu. Chuo Kikuu cha Nairobi kiliifanyia serikali ya kaunti utafiti mwaka huo huo kupima hasara iliyoingia. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikalibatilisha agizo. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa.

Sasa mfikirie kijana aliyemaliza diploma ya kliaringi mwaka 2018. Alitii kila neno la washauri. Alichagua kozi yenye soko, katika mji wa soko hilo, na soko likahamishwa kwa agizo la ofisini akiwa bado anachapisha wasifu wake. Je, uliwahi kumsikia mtu akisema kliaringi ni kozi ya kupoteza wakati? Mwenye kozi ya soko akikosa kazi, uchumi ndio mbaya. Mwenye sosholojia akikosa kazi, ni sosholojia. (Nakumbusha, kwa kupita tu, kwamba ripoti za kueleza kilichoipata Mombasa miaka ile hazikuandikwa na makontena.)

Utalii nao mnaujua. Baada ya mashambulizi ya 2013 na 2014, serikali za Ulaya zikawaonya raia wao wasije Pwani, hoteli zikafunga milango. Zilipoanza kupumua, ikaingia korona mwaka 2020. Mpishi na mhudumu waliosomea kazi yenye soko walirudi nyumbani mara mbili katika miaka saba.

Twende basi kwa daktari, maana kila hesabu ya Buxton huishia kwake. Machi 2024 madaktari waliingia katika mgomo uliokaa siku 56. Kiini chake kimojawapo kilikuwa madaktari wanagenzi: vijana waliofaulu kuliko taifa zima, wakasoma miaka sita, kisha wakakaa nyumbani wakingoja kupangiwa hospitali, na serikali ikitaka kuwalipa 70,000 kwa mwezi badala ya zile 206,000 zilizotokana na makubaliano ya mwaka 2017. Haikuwa digrii iliyoshuka thamani usiku mmoja. Wagonjwa hawakupungua, Hospitali Kuu ya Pwani hapo jirani ya Buxton haikukosa foleni. Kilichobadilika ni bajeti.

Tupige na hii. Deni la 1,260,000, kwa riba ya HELB ya asilimia 4, likilipwa kwa miaka kumi ni kama 12,750 kwa mwezi. Kwa mshahara wa 70,000 hiyo ni asilimia 18. Deni la 390,000 la mwenzake wa sosholojia ni kama 3,950 kwa mwezi. Mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi amekuwa akilipwa 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Akiwa na deni kama hilo, kwake ni karibu asilimia 20. Walimu hao wanagenzi hawakuwa wa historia na dini peke yao. Walikuwamo wa hisabati, fizikia na kemia, masomo yale yale tunayoambiwa kwamba ajira inayakimbilia. Sayansi ilikuwa kwenye cheti, 20,000 zikawa kwenye simu.

Wahandisi nao? Zaidi ya wahitimu mia moja wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Egerton walilazimika kwenda na kesi yao hadi Mahakama ya Juu, iliyoamua mwaka 2018, kwa sababu bodi ya taaluma yao ilikataa kuwasajili. Walikuwa na digrii, walikuwa na deni, na hawakuwa na ruhusa ya kujiita wahandisi.

3. Wahubiri na vyeti vyao

Ni vizuri mtu akikuuzia dawa umuulize yeye mwenyewe ametibiwa na nini. Rais wa Kenya, ambaye serikali yake haichoki kuwahimiza vijana waende vyuo vya ufundi, ana digrii ya kwanza ya botania na zoolojia, na shahada ya uzamivu ya ikolojia ya mimea aliyoipata mwaka 2018. Sijasikia kwamba alifika Ikulu kwa sababu ya mimea. Ng'ambo ya mpaka, Rais Yoweri Museveni amekuwa akirudia kwa miaka kwamba masomo ya sanaa hayana faida. Yeye alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960: uchumi na sayansi ya siasa. Amekaa madarakani tangu 1986. Kwa kipimo cha mapato dhidi ya gharama za masomo, sayansi ya siasa haijawahi kumlipa mtu vizuri hivyo Afrika Mashariki.

Uganda pia inatuonyesha jinsi soko linavyotengenezwa. Mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye digrii ulipandishwa hadi shilingi za Uganda milioni 4, na wa mwalimu wa sanaa ukaachwa nyuma sana. Juni 2025 walimu wa sanaa wakagoma. Ukimuuliza mtu atakwambia soko limeamua sayansi. Soko lipi? Mwajiri ni mmoja, shule ni ile ile, kengele inawagongea pamoja. Aliyeamua ana jina na ana kalamu.

Hapa kwetu kichekesho ni cha namna nyingine. Anayempeleka mtoto kwenye sosholojia mara nyingi si mtoto. Ni KUCCPS, taasisi ya serikali inayowagawia wanafunzi nafasi kwa alama zao. Mtoto aliomba uuguzi, akakosa kwa pointi chache, mfumo ukampa kozi ambayo hakuiwazia. Serikali hiyo hiyo ikampa mkopo wa kuisomea. Akimaliza, serikali hiyo hiyo inamwambia kwamba kozi haina soko, na inamtumia ujumbe wa kumdai. Kinyozi aliyekunyoa vibaya angalau hakucheki.

Halafu wanasema: basi waende ufundi. Na ufundi uko wapi? Tembea kutoka Buxton uingie Tudor, utakikuta Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kilianzishwa mwaka 1948 kama taasisi ya ufundi ya Waislamu, MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar na Aga Khan miongoni mwa wengine. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic. Vizazi vya mafundi wa Pwani vilipita pale: umeme, mitambo, meli, ujenzi. Mwaka 2007 kikageuzwa chuo kikuu kishiriki, mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Kenya Polytechnic ya Nairobi ilipitishwa njia hiyo hiyo. Taifa lililozigeuza taasisi zake mbili kubwa za ufundi kuwa vyuo vikuu linawashangaa watoto wake kwa kupenda digrii kuliko ufundi.

MIOME ilikuwa na karani mmoja ambaye mji huu unapenda kumtaja. Ali Mazrui alimaliza mtihani wa Cambridge kwa daraja la tatu, Makerere ikamkataa, akafanya kazi hapo Tudor. Mwaka 1955 akaenda Uingereza kwa ufadhili wa serikali, si kwa mkopo. Akasoma Manchester, Columbia na Oxford, na Makerere iliyomkataa ikaja kumfanya profesa wa sayansi ya siasa na mkuu wa kitivo cha sayansi za jamii. Simtaji ili kumwambia kila mtoto wa daraja la tatu kwamba atakuwa Mazrui, hatakuwa. Namtaja kwa sababu watu wale wale wanaotanua kifua jina lake likitajwa ndio wanaomwambia binti wa Buxton kwamba sayansi ya siasa ni njia ya kuombea mchele. Na kwa sababu katika hesabu yake kuna safu moja iliyoachwa wazi: safu ya deni.

Safu hiyo ilikuwa nyepesi kwa wajomba wengi pia. Waliosoma vyuo vikuu vya umma kabla ya mwaka 1991 hawakulipa karo. Waliofuata kwa njia ya serikali walilipa shilingi 16,000 kwa mwaka kwa muda mrefu. Leo wanaketi barazani na kumuuliza mtoto wa kundi la tano, ambaye mzazi wake anatakiwa atoe asilimia 40 ya gharama ya kozi, kwa nini hakufikiria vizuri.

4. Faini iliyo kubwa kuliko rejesho la mwezi

Hapa ndipo hesabu ya Buxton inapokosa kabisa macho. Inatazama kozi na mshahara, haisomi mkataba.

Sheria ya HELB ya mwaka 1995 inamtaka mkopaji aanze kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Haisemi mwaka mmoja baada ya kupata kazi. Inasema baada ya kumaliza masomo. Asiyelipa anatozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi.

Rudi kwa mtoto wetu wa kundi la kwanza. Akiwa na kazi, analipa kama 3,950 kwa mwezi na miaka kumi ikipita amemaliza. Asipokuwa na kazi anatozwa 5,000. Asiye na mshahara anadaiwa zaidi ya mwenye mshahara. Akikaa miaka mitatu bila kazi, mwaka wa kwanza ni wa neema, miwili inayofuata ni ya faini: 120,000. Riba kwa mwaka mmoja ni 15,600 tu. Faini hizo za miaka miwili zimekaribia kufikia mkopo wote wa karo aliosomea hiyo sosholojia. Ukimwambia mtu wa Buxton kwamba deni la huyu kijana limevimba, atakwambia: si nilisema, angesomea kitu cha maana.

Faini haikuuliza alisomea nini. Ingekuwa 5,000 kwa daktari anayengoja kupangiwa, 5,000 kwa mhandisi asiyesajiliwa, 5,000 kwa wakala aliyehamiwa na bandari.

Kisha kuna msamaha. Mara kwa mara bodi hutangaza kuwafutia faini wale watakaolipa deni kwa mkupuo. Msamaha huo unamfikia nani? Kumbe ni aliyekuwa na fedha, akachelewa. Asiye nazo anausoma gazetini, na mwezi ujao anaongezewa 5,000 nyingine. Mwaka 2022 ilibidi Mahakama Kuu iseme kwamba deni lisiruhusiwe kukua kupita mara mbili ya kiasi kilichokopwa. Fikirieni hilo: ilihitajika hukumu ya mahakama ili mkopo wa mwanafunzi usizae bila kikomo.

Na kama mtu hana kazi, anaambiwa ajiajiri. Kwa mtaji gani? Aliyeshindwa kulipa hupelekwa kwenye orodha ya wadaiwa sugu ya CRB, wanaotunza taarifa za wakopaji, na benki ikiliona jina lake haimpi hata senti. Mpaka mwaka 2022, sheria iliporekebishwa, mwajiri aliweza kumdai cheti cha HELB hata kabla ya kumpa kazi, yaani alitakiwa athibitishe kwamba analipa deni ambalo alikuwa akitafuta kazi ili alilipe. Hapo hapo, wapo wazazi Waislamu wengi wa kisiwani wasiotaka mtoto aguse fedha yenye riba; wao huuza kiwanja, huchangisha arusini na msikitini, huacha kusomesha mdogo mtu. Deni hilo haliingii kwenye takwimu yoyote ya HELB, na hesabu ya Buxton hailioni, ingawa liko mlango wa pili.

Zipo nchi zinazouliza kwanza mtu anapata nini. Australia tangu mwaka 1989 haimdai mhitimu mpaka mapato yake yafike kiwango fulani. Tanzania humkata mwajiriwa asilimia 15 ya mshahara. Sisemi kwamba Tanzania ni pepo: makato hayo yalikuwa asilimia 8, yakapandishwa mwaka 2016 kwa watu waliokwisha kukopa kwa masharti mengine, na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliendelea kuwavimbisha hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoifuta mwaka 2021. Hata hivyo asilimia ya mshahara mdogo ni ndogo, na asilimia ya mshahara usiokuwepo ni sifuri. Faini ya 5,000 haijui sifuri.

Australia hiyo hiyo ilijaribu mwaka 2021 dawa inayopendwa na watu wa kwetu. Ikapandisha karo ya masomo ya sanaa na jamii kwa asilimia 113, ili vijana wakimbilie kwingine. Tume iliyoupitia mfumo wao ikasema mwaka 2024 kwamba vijana hawakukimbia; walichoongezewa ni deni.

5. Safu ambayo haikuchorwa

Nyumba za kaunti za Buxton, zaidi ya 500, zilizojengwa zama za mkoloni, zilianza kubomolewa mwaka 2021 kupisha maghorofa ya nyumba zaidi ya 1,800. Zege halikuwa tatizo. Wahandisi walijua la kufanya. Kilichowagombanisha watu na kuwapeleka mahakamani ni maswali mengine: mpangaji halali ni nani, aliyekaa miaka arobaini au mwenye karatasi? Aliyepanga kwa mpangaji ahesabiwe vipi? Mjane ambaye jina la kitabuni ni la marehemu apewe nini? Watoto wahame na shule gani, na bei itakayoitwa nafuu ni nafuu kwa nani? Hakuna hata moja kati ya hayo linalojibiwa kwa pimamaji.

Pwani nzima imejaa maswali ya aina hiyo. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 iliwapa baadhi ya watu karatasi na ikawageuza wengine kuwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Mpaka leo kila tume ya ardhi inayokuja huanza upya kuuliza. Na wanaouliza ni nani? Mtafiti kutoka nje, na msaidizi wake kutoka Nairobi, na kijana wa Mombasa anayelipwa kwa siku kutafsiri na kuwaonyesha njia za Mji wa Kale. Ripoti ikitoka, jina lake limo kwenye shukrani. Ukitaka kujua mapato yasiyopatikana kwa kukosa digrii hiyo, anzia hapo: tofauti kati ya posho ya mkalimani na ada ya mshauri. Nani amewahi kuijumlisha?

Hatuwezi kuwaambia watoto wetu kizazi kizima wasisomee jinsi jamii inavyohesabiwa, kisha tulalamike kila mwaka kwamba Pwani inahesabiwa na wageni.

6. Anayebahatisha hasa

Inabaki ile hoja nzito, ya mtoto wa mpangaji asiye na haki ya kubahatisha. Wanaoitoa wanamaanisha heri, najua. Lakini wanadhani kozi yenye soko si bahati nasibu. Tumepita bandarini, hotelini, hospitalini na darasani. Imebaki wapi isiyokuwa?

Na kuna bahati nasibu mbaya kuliko zote, ambayo ushauri huu huizalisha na haiitwi kwa jina lake. Ni kumchukua mtoto anayeandika vizuri, anayejua kuuliza watu na kusikiliza, aliyeponea chupuchupu katika hisabati, na kumsukuma kwenye kozi ya hisabati, kama uhandisi, kwa sababu mjomba amesikia inalipa. Anarudia mitihani mwaka wa kwanza. Anarudia wa pili. Mkopo wa kujikimu unaendelea kuliwa. Kisha siku moja harudi tena chuoni, na nyumbani husemwa kwamba amepumzika kidogo. HELB haipumziki. Aliyeachia uhandisi njiani anadaiwa karo ya uhandisi, ambayo ni ghali kuliko ya sosholojia, kwa riba ile ile, na faini yake ni 5,000 kwa mwezi kama ya wenzake, ila yeye hana hata hiyo digrii ya kuchekewa.